Siti binti Saad: Maisha na Mafunzo ya Mwimbaji, na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wanafunzi wetu wa ualimu wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha huja na maswali mengi, na moja katika hayo halikosi kuulizwa kila mwaka. Nalo ni hili: je, kuimba ni jambo la kufundishwa, au ni kipaji ambacho mtoto huzaliwa nacho, na asiyekuwa nacho aachwe? Swali hili si dogo. Tumekaa nyuma ya madarasa mengi katika milima hii ya Usambara, nasi tumewahi kumwona mwalimu-mwanafunzi akiusimamisha wimbo katikati, akamnyoshea kidole mtoto mmoja wa dawati la nyuma na kumwamrisha anyamaze ili asiwaharibie wenziwe. Wimbo uliendelea vizuri. Lakini mtoto yule hakufungua kinywa tena hata kipindi kilipokwisha, na wala hakujibu alipoulizwa swali katika somo la hesabu lililofuata.

Tumeonelea kwamba jibu lililo bora kwa swali hilo si orodha ya kanuni bali ni maisha ya mtu. Mtu huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Jina lake linajulikana na wengi, lakini habari za mafunzo yake hazizingatiwi vya kutosha, ingawa ndizo zimfaazo mwalimu kuliko habari za sifa zake. Tena kwa sisi tulio katika Mkoa wa Tanga yeye si mgeni kabisa. Mama yake alikuwa wa kabila la Wazigua, majirani zetu wa nyikani chini ya milima hii; na aliyeandika maisha yake katika kitabu ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga.

ASILI NA UTOTO

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake Mzigua, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Kwa kuitaja asili hiyo tu tumekwisha kuitaja sehemu ya historia ya nchi yetu. Katika karne ya kumi na tisa njia za biashara zilishuka kutoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo, na nyingine zilifuata bonde la mto Pangani mpaka pwani. Katika njia hizo hazikupita pembe za ndovu peke yake, bali na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa katika sheria za Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa utumwa ukali bado upo. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Na tulifikiri jina hilo kidogo. Leo tunapoita daftari la mahudhurio tunayasoma majina ya watoto upesi upesi bila kuyafikiri, lakini kila jina humwambia mtoto jinsi alivyopokewa duniani. Binti huyu aliitwa Mtumwa kila asubuhi na kila jioni. Hakupelekwa chuoni kusoma Kurani kama walivyopelekwa watoto wa wenye nafasi, na shule ya kuandika na kusoma hakuiona. Lile jina la Siti, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya bibi mwenye heshima, alipewa baadaye sana, watu walipokwisha kumsikia akiimba.

KAZI YA UFINYANZI

Kazi aliyoirithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi. Anayewajua akina mama wafinyanzi wa milimani kwetu hahitaji kuelezwa kazi hiyo ilivyo: kuchimba udongo, kuuponda na kuukanda mpaka ulainike, kuuinua kwa mikono bila gurudumu, kuuanika kivulini, na mwisho kuuchoma kwa moto wa wazi ambao ukikosewa kidogo huvivunja vyungu vya siku nyingi kwa saa moja. Kisha huja kazi ya pili, nayo ni kuviuza. Siti alivichukua vyungu vyake na kuvitembeza, akiwaita wanunuzi kwa sauti.

Hapo ndipo habari ya mwimbaji inapoanza. Muuza vyungu hana duka wala kibao. Tangazo lake ni sauti yake. Yampasa aitoe ifike ndani ya nyumba, ipite ukuta na ua, imfikie mwanamke aliye jikoni, naye ayatambue maneno na kujua ni bidhaa gani inayopita. Tena lazima aitoe hivyo siku nzima, mzigo ukiwa kichwani, wala isimkauke kabla ya jua kutua. Anayeshika mzigo kichwani hawezi kuinama kifua. Husimama wima, shingo imenyoka, na pumzi huingia mpaka chini. Hatusemi kwamba Siti alijua kuwa anajifunza. Twasema tu kwamba mazoezi ya pumzi na ya kuyatamka maneno, ambayo wanafunzi wa uimbaji katika vyuo vya Ulaya hufanyishwa kwa miaka, yeye aliyafanya barabarani kwa sababu ya kutafuta riziki.

Sifa ya sauti hiyo ilianza kuenea. Watu walimjua muuza vyungu wa Fumba kabla ya kuuona uso wake. Mwaka 1911 aliondoka shamba akahamia mjini Unguja kutafuta maisha yaliyo bora.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Ili kuelewa jambo lililompata Siti mjini yatubidi tueleze kidogo hali ya muziki wa Unguja wakati huo. Taarabu ilikuwa imeingia katika jumba la Sultani wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, nayo ilitokana na muziki wa Misri. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao cha muziki kilichoitwa Nadi Ikhwani Safaa. Taarabu ya siku zile iliimbwa kwa Kiarabu, ikapigwa kwa udi, fidla na ngoma ndogo, na waliosimama mbele ya watu kuiimba walikuwa wanaume. Ulikuwa muziki wa wenye nyumba za mawe. Mwanamke mweusi wa shamba, mwenye kuuza vyungu, asiyejua Kiarabu, hakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Mlango huo ulifunguliwa na mtu mmoja, naye ni Muhsin Ali. Yeye alikuwa mmoja wa wanamuziki wa taarabu mjini. Alipoisikia sauti ya Siti aliitambua thamani yake, akajitolea kumfundisha kuimba, na kumfundisha nyimbo na matamshi ya Kiarabu.

Tunawaomba wasomaji wetu wasimame hapa, kwa kuwa jambo hili ndilo kiini cha makala yetu. Sauti ya Siti ilisikiwa na watu wengi sana kabla ya Muhsin Ali. Wanunuzi waliisikia, wapita njia waliisikia, na bila shaka wengi waliipenda. Lakini kuipenda sauti ni jambo moja, na kumchukua mwenye sauti na kumfundisha ni jambo jingine. Wengine waliisikia kama tangazo la vyungu. Muhsin Ali aliisikia kama mwalimu. Kama angaliutazama kwanza ukoo wake, mavazi yake au elimu yake, Unguja ingalimpata mfinyanzi mmoja zaidi na kumkosa mwimbaji wake.

Mafunzo yenyewe yalikuwaje? Katika jadi ya taarabu mwanafunzi hujifunza kwa sikio. Mwalimu huimba au hupiga kipande cha lahani, mwanafunzi hukirudia. Mwalimu husahihisha, mwanafunzi hurudia tena. Na hawaendi mbele mpaka kipande hicho kimetulia. Hapana karatasi ya nota. Kwa Siti kazi ilikuwa maradufu, kwa sababu maneno nayo yalikuwa ya lugha ngeni, yenye herufi zinazotoka kooni ambazo Mswahili hana budi kuzizoea kwa juhudi. Sikio lake ndilo lililokuwa daftari lake. Na mwanafunzi huyu hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, jambo ambalo lafaa kukumbukwa na kila mwalimu anayedhani kwamba mwanafunzi aliyechelewa kuanza amekwisha kupotea.

KUIMBA KWA KISWAHILI

Haukupita muda mrefu Siti akawa anaalikwa kuimba katika majumba ya mjini, hata katika jumba la Sultani Khalifa bin Haroub. Aliungana na wanamuziki wengine hodari, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Mbaruku Effandi, Buda na Mwalimu Shaaban, wakawa kundi moja. Angaliweza kuendelea kuimba Kiarabu kwa wakubwa na kuishi vizuri kwa kazi hiyo. Lakini yeye na wenzake walifanya jambo ambalo halikuwa likifanywa mbele ya wakubwa hao: waliichukua taarabu na kuiimba kwa Kiswahili.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana leo. Wimbo wa Kiarabu ulisikilizwa na wengi na kueleweka na wachache. Wimbo wa Kiswahili ulieleweka na mpishi, na mchukuzi, na mwenye nyumba pia. Ushairi wa Kiswahili una vina na mizani yake, na lahani za Kiarabu hazikutungwa kwa ajili ya mizani hiyo. Kazi ya kuoanisha mambo hayo mawili, silabi ipi ivutwe na ipi ikatwe, bila kulivunja neno wala kuiharibu lahani, ilikuwa kazi ya elimu kamili, ingawa waliokuwa wakiifanya hawakuwa na vyeti.

Tena, maneno yalipoeleweka, wimbo uliweza kubeba habari. Nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji waliokoishi watu wa kawaida na wengi waliotoka katika utumwa, watu walikusanyika kumsikiliza akiimba mambo yaliyokuwa yakitokea mjini. Wimbo wake mmoja mashuhuri, ujulikanao kwa jina la Kijiti, ulihusu kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitorokea bara, na wanawake waliokuwa mashahidi ndio waliotiwa kifungoni. Wimbo ule ulilichukua shauri hilo kutoka mahakamani na kuliweka mbele ya watu wote walipime wenyewe. Nyimbo nyingine zilisema juu ya mapenzi, na nyingine juu ya wenye vyeo waliowadhulumu wanyonge. Aliyeitwa Mtumwa alipozaliwa alikuwa sasa akisema hadharani juu ya haki, na watu wakinyamaza kumsikiliza.

SAFARI YA BOMBAY

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimwita Siti na kundi lake waende Bombay, nchini Bara Hindi, wakarekodi nyimbo zao. Walivuka bahari kwa meli. Siti akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika ya Mashariki waliotiwa katika santuri wakiimba kwa Kiswahili, na mwanamke wa kwanza kupata sifa ya namna hiyo. Kati ya mwaka 1928 na 1930 yeye na wenzake walirekodi zaidi ya nyimbo mia mbili.

Hapo mafunzo yake yalijaribiwa kwa namna mpya. Katika baraza ya Unguja wimbo wa taarabu huweza kuendelea kwa muda mrefu. Mwimbaji hurudia beti kwa kadiri wasikilizaji wanavyofurahi, na wapigaji hupewa nafasi zao. Lakini upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua muda wa dakika tatu hivi tu. Ilibidi wimbo uanze, ukue na kumalizika ndani ya muda huo, mbele ya kipaza sauti badala ya watu, bila vifijo vya kumtia mtu moyo. Kosa la mmoja liliwarudisha wote mwanzo. Anayeimba kwa kubahatisha hawezi kazi ya namna hiyo. Siti aliiweza mara nyingi, na hiyo ni dalili ya mtu aliyefanya mazoezi mpaka wimbo ukawa mali yake.

Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Zilisikika Unguja na Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Tanga, na kila mahali palipokuwa na gramafoni na wasikilizaji wa Kiswahili. Watu walikaa mikahawani wakasikia Kiswahili chao kikitoka katika chombo ambacho kabla ya hapo kilikuwa kikiimba lugha za wengine. Sauti ya muuza vyungu wa Fumba ilikuwa imefika mbali kuliko alivyoweza kutembea mwenyewe.

DHIHAKA NA JIBU LAKE

Isidhaniwe kwamba sifa hizo zilipokewa na wote kwa furaha. Siti hakuwa mwanamke wa sura ya kusifiwa, na wapinzani wake hawakuacha kulisema hilo. Palitungwa wimbo wa kumdhihaki, ulioimbwa mitaani, wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kwamba kama si sauti yake asingalikuwa mtu wa kutajwa. Waliomtungia walidhani wamemtusi.

Siti hakujibu kwa ugomvi. Alijibu kwa wimbo. Katika jibu lake aliyaweka mambo mawili katika mizani: uzuri wa uso na ukoo kwa upande mmoja, na akili kwa upande mwingine, akaonyesha ni upande gani ulio mzito. Hakukana kwamba alitoka shamba, wala hakudai ukoo asiokuwa nao. Sisi tunaona kwamba jibu hilo halikuwa la mwimbaji tu bali la mtu aliyekwisha kujithamini mwenyewe, na kujithamini huko kulianza siku alipopata mwalimu aliyemthamini.

MIAKA YA MWISHO

Siti aliendelea kuimba kwa miaka mingi. Karibu na mwisho wa maisha yake alikutana na Shaaban Robert, aliyemsikiliza akisimulia habari zake na kuziandika katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilivyoandikwa juu ya maisha ya mwanamke wa kawaida wa Kiafrika, nacho hakina budi kuwamo katika maktaba ya kila chuo cha ualimu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Kazi yake haikufa naye. Miongoni mwa wasichana waliomsikiliza Siti akiimba alikuwamo Fatuma binti Baraka, aliyejulikana baadaye kwa jina la Bi Kidude, ambaye mwenyewe alieleza kwamba nyimbo za Siti alizipata kwa kumsikiliza. Bi Kidude alifariki mwaka 2013 akiwa mzee sana, baada ya kuziimba nyimbo hizo katika nchi nyingi za dunia. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

FAIDA KWA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Sasa turudi katika swali la mwanzo. Maisha haya yanatujibu kwamba sauti hufundishwa, lakini hufundishwa na mwalimu aliyekwisha kusikiliza. Tunapendekeza mambo manne ya kuzingatiwa.

Kwanza, mwalimu amsikilize mtoto nje ya kipindi. Panda basi kutoka Mombo kuja Lushoto, na basi likisimama Soni utawasikia wauzaji wakiita abiria wanunue mapeasi, matunda damu na mboga. Ndivyo watoto wengi wa milima hii wanavyowasaidia wazazi wao siku ya gulio. Hatusemi kwamba ni vema mtoto akose shule kwa ajili ya kuuza. Mahali pake ni darasani. Lakini mtoto ambaye sauti yake husikika ng'ambo ya barabara siku ya gulio, na Jumatatu akawa hasikiki darasani, hana upungufu wa sauti. Kuna kitu darasani kinachomnyamazisha, nacho mara nyingi ni hofu, au lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kisambaa aruhusiwe kuleta wimbo wa nyumbani kwao, aimbe kwa lugha anayoijua, kisha aongozwe kwenda kwenye Kiswahili. Siti naye hakuwa mkubwa mpaka alipoimba kwa lugha yake na ya watu wake.

Pili, mwalimu afundishe wimbo kwa sikio kabla ya maandishi. Aimbe kwanza wimbo wote, watoto wasikilize tu. Kisha aimbe mstari mmoja, nao waurudie, mpaka utulie. Ndipo aongeze wa pili, na kuunganisha. Maneno yaandikwe ubaoni baada ya watoto kuyajua kwa kinywa. Njia hii haihitaji chombo chochote cha kununuliwa, na yafaa hata katika shule iliyo mbali kabisa milimani. Mtoto anayekosea kimo cha sauti asinyamazishwe. Awekwe karibu na wenzake wawili walio thabiti, ili sikio lake lipate mahali pa kuegemea.

Tatu, sauti itunzwe. Hapa yafaa tuchukue mfano kutoka mbali. Jenny Lind, aliyezaliwa Stockholm nchini Sweden mwaka 1820, alikuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri wa karne yake kwa ile sauti nyembamba ya juu ambayo katika kwaya zetu huitwa sauti ya kwanza. Yeye pia alikuwa mtoto wa watu wasio na cheo, naye alisikiwa na mpita njia, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, akiimba dirishani. Lakini aliimba mno katika ujana wake, na sauti ikaharibika kabla hajatimiza miaka ishirini na mmoja. Mwaka 1841 alikwenda Paris kwa mwalimu Manuel García, na dawa ya kwanza aliyopewa ilikuwa kunyamaza kwa majuma kadhaa. Kisha alianza upya, taratibu, na sauti ikarudi. Mwalimu wetu aukumbuke mfano huo asubuhi za ukungu wa Lushoto, watoto wanapofika kwa baridi na kukohoa. Wasilazimishwe kupaza sauti mara moja. Waanze kwa kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kisha waimbe polepole. Mwalimu mwanamume asiwaanzishie wimbo chini mno kwa kufuata sauti yake nzito, na hakuna mwalimu anayepaswa kuhesabu kelele kuwa ni kuimba vizuri. Na sauti ya mwalimu mwenyewe, ambayo ndiyo jembe lake la kila siku, isimalizwe kwa kukaripia.

Nne, mtoto asipimwe kwa jina, mavazi wala ukoo. Jambo hili husemwa mara nyingi katika mihadhara yetu, na kila msikilizaji hukubali. Shida huja darasani, wakati mtoto mwenye sare iliyochanika anapoinua mkono pamoja na mtoto safi wa dawati la mbele, na jicho la mwalimu likaenda mbele lenyewe. Ndipo mwalimu aulize nafsi yake, kama angaliishi Unguja mwaka 1911, vyungu vile vingalipita mlangoni pake naye akasikia nini.

Hatuahidi kwamba kila darasa lina Siti ndani yake. Waimbaji wa daraja hiyo ni wachache katika kila kizazi, na mwalimu wa shule ya msingi hakuajiriwa kuwatafuta wao tu. Lakini yule mtoto wa dawati la nyuma, tuliyemtaja mwanzoni, hakuhitaji kuwa mwimbaji mashuhuri. Alihitaji kujua kwamba sauti yake ina mahali katika wimbo wa darasa lake. Alipoambiwa kwamba haina, aliiondoa hata katika hesabu. Hasara hiyo yaweza kuzuilika, na mwenye kuizuia ni wewe utakayesimama mbele ya darasa hilo muhula ujao.

KAZI ZA KUFANYA

1. Chagua wimbo mmoja wa watoto wa Kisambaa, au wa lugha nyingine ya mahali unapofundisha. Andaa somo la dakika arobaini la kuufundisha kwa sikio, ukionyesha hatua zote.

2. Katika juma moja la mazoezi ya kufundisha, wasikilize watoto watatu walio kimya darasani wanapokuwa michezoni au njiani. Andika ulichosikia, na ueleze utakavyokitumia.

3. Jadilini katika vikundi: ni mambo gani katika desturi za shule zetu yanayoweza kumnyamazisha mtoto mwenye sauti nzuri, na mwalimu mmoja anaweza kuyabadilisha yapi?